Kompyuta Yangu na Usingizi wa Kamongo

Jamani, mimi sina ugomvi na mtu kulala. Nimelea mashemeji watatu, najua kulala kukoje. Ila kitu kinachokula umeme wangu, kimekaa kwenye meza yangu, ndani ya fremu ninayoilipia kodi, kikilala kiamke. Hilo tu ndilo ninaloomba.

Nina stationari ndogo Tabata. Fotokopi, pasipoti saizi, laminesheni, na kuwachapia watu barua za kuomba kazi ambazo wenyewe hata hawazisomi. Mashine ni deskitopu ya mtumba niliyoinunua Kariakoo. Muuzaji aliniapia kwamba imetoka Ulaya, kwa mzee mmoja aliyekuwa anaitumia kusoma barua pepe tu. Hao wazee wa barua pepe ni wengi kweli, maana kila kompyuta pale Kariakoo ilikuwa yao. Ina ramu ya gigabaiti 4, diski ile ya zamani ya kuzunguka, na Windows 7. Najua, Microsoft waliacha kuihudumia Januari 2020. Na mimi kuna watu waliacha kunihudumia kabla ya hapo, mbona naamka kila asubuhi?

Kilichoniponza ni ubahili. Kuna kijana alikuja kuskani vyeti, akaniona nazima mashine, akanihurumia. Mzee, usiizime, ihaibaneti. Akanieleza kwamba ukiilaza kwa kawaida inaendelea kunyonya umeme kidogo kidogo ili ramu isisahau. Ukiihaibaneti, inachukua kila kilichomo kwenye ramu, inakiandika kwenye faili moja kubwa ndani ya diski, halafu inajizima kabisa. Umeme inaokula ni kama hakuna. Kesho ukiwasha inalisoma lile faili, unakuta kila kitu ulivyokiacha, mpaka ile sentensi uliyoikatisha ukaenda kula.

Nilimwelewa papo hapo, kwa sababu sisi watu wa Musoma tuna kamongo. Yule samaki kiangazi kikimkuta kwenye kinamasi hahangaiki. Anajichimbia topeni, anajivika ute, ute unakauka unakuwa kama mfuko, anaacha kitundu cha kuvutia pumzi, basi. Anakaa humo miezi na miezi. Mvua ikinyesha anatoka zake kama aliyekuwa kajipumzisha tu baada ya ugali. Nikasema moyoni, hii ndiyo mashine, kamongo wa mezani.

Wiki mbili nikala raha. Luku ikawa inakaa. Mama watoto akaanza kuniuliza kama duka bado nafungua.

Ikaja Ijumaa. Siku nzima nilikuwa naandika orodha ya michango ya harusi ya mtaani kwetu. Mnaijua kazi hiyo: jina, namba ya simu, ahadi, kilicholipwa, kilichobaki. Majina 140 na ushee, na humo ndani kuna watu wameahidi tangu Mei hawajatoa hata shilingi mia. Sikusevu. Msinitazame hivyo! Mashine yenyewe inakumbuka kila kitu, kusevu kwa nini? Saa moja jioni luku ikaanza kulia, zimebaki uniti mbili. Nikaihaibaneti, skrini ikawa nyeusi, nikazima swichi ya ukutani, nikavuta geti, nikaenda nyumbani nikiimba.

Jumamosi asubuhi foleni ipo. Nikatikisa mausi. Kimya. Nikaitikisa tena, nikaisugua mezani mpaka ikapata joto. Kijana wangu wa dukani akaniangalia dakika nzima ndipo akasema, bosi, ikishahaibaneti mausi haina umeme, bonyeza kitufe. Sasa dakika nzima ulikuwa unasubiri nini wewe?

Nikabonyeza. Feni ikaunguruma, taa ikawaka, skrini nyeusi kama sufuria ya msibani.

Hapo ndipo nikagundua kwamba Dar es Salaam kila mtu ni fundi kompyuta isipokuwa mimi. Mama wa chapati akasema ipigwe kofi la ubavuni, redio ya marehemu mume wake ilikuwa inapona hivyo. Dereva wa bodaboda akasema ni plagi, akafikiri kidogo, akasema hapana, ni betri. Mwalimu mstaafu aliyekuja kufotokopi kitambulisho akataka tukague ile kebo ya bluu ya monita yenye skrubu mbili. Tukaikaza. Skrini ikaendelea na msiba wake.

Nikamwita fundi. Mafundi wa kompyuta mji huu wana dawa moja. Hata hajaketi, hata salamu hazijaisha: "Hii tupige Windows." Ukimpelekea kompyuta yenye kibodi iliyomwagikiwa chai, atapiga Windows. Nikamwambia humo ndani kuna harusi ya watu, usipige kitu. Akanuna, akafungua boksi. Likatoka vumbi, akatoka na mende mmoja mkubwa aliyekuwa anaishi humo bila kodi. Akachomoa ramu, akaisugua meno yake kwa kifutio cha penseli, kifutio nilichomuuzia mimi mwenyewe kwa mkopo. Akabonyeza Caps Lock, taa ya kibodi haikuitika. Akasema hii haijalala, hii imezimia, na hapo kidogo nimheshimu.

Kisha akaniuliza swali ambalo angeniuliza tangu mwanzo tungeokoa asubuhi nzima. "Jana uliizimaje?"

Nikamweleza. Nilipofika kwenye swichi ya ukutani akaweka bisibisi chini.

Kumbe skrini inakuwa nyeusi kwanza, lakini mashine bado iko kazini, inaandika. Na kwa diski yangu hii inayozunguka kwa uchovu, inachukua muda. Unatakiwa usubiri mpaka feni inyamaze na taa ya kwenye boksi izime, ndipo uguse ukuta. Mimi nilikuwa nimemfukua kamongo ana ute wa mkiani tu. Zile wiki mbili ilikuwa bahati, au siku hizo nilikuwa nachelewa kutafuta funguo.

Fundi akashikilia kitufe, akahesabu mpaka kumi, mashine ikafa kabisa. Akachomoa waya, akasubiri, akachomeka, akawasha. Safari hii yakatokea maandishi meupe kwenye skrini nyeusi: jaribio la mwisho la kurudi pale ulipoachia limeshindikana. Chagua: jaribu tena, au futa kumbukumbu zilizohifadhiwa uendelee. Tukajaribu tena. Ikagoma palepale. Ikabaki kufuta. Fundi akanitazama kama daktari anayetaka saini ya ndugu. Nikamwambia futa.

Windows ikafunguka vizuri sana, safi, haikumbuki kitu. Fundi akafungua kile kidirisha cheusi, akaandika powercfg -h off, habari ya haibaneti ikaisha. Lile faili likaondoka na diski ikarudishiwa gigabaiti 3. Elfu ishirini yangu hakuna aliyeirudisha.

Ndipo mlangoni akasimama mzee mwenyekiti wa kamati, na kofia yake ya Jumamosi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Orodha yetu ipo tayari?"

Nikamweleza habari za kamongo. Akasikiliza mpaka mwisho, hakukasirika hata kidogo. Akatia mkono kwenye koti akatoa daftari. Kumbe mzee haamini mashine, kila jina analo kwa mkono wake, kwa kalamu ya wino. Akavuta stuli. "Andika, mimi nitakusomea."

Tukaanza. Mzee anasoma kwa sauti ya kusikika mpaka kwa mama wa chapati, watu wa foleni wanaguna kila likitajwa deni. Mimi naandika, na kila majina matano nasevu. Tukafika hamsini. Tukafika sitini.

"Sitini na tatu," akasema, akaisogeza miwani. "Mwenye stationari. Ahadi, laki moja. Amelipa..."

Akaninyanyulia macho.

Nikakishika kitufe, nikahesabu mpaka kumi.

"Mzee wangu," nikasema, "mashine imelala tena."