Kitambulisho cha Kazi na Jina la Ubatizo

Bomba la gesi kutoka Mtwara kwenda Dar es Salaam lilipokamilika mwaka 2015, ajira nyingi za ujenzi wake zilikwisha nalo. Miradi ya aina hii ndivyo ilivyo: wakati wa kujenga hutakiwa wachomeleaji, madereva, wapishi, walinzi na vibarua wa mtaro, lakini bomba likishafukiwa hubaki watu wachache wa kuliendesha. Kijana aliyezoeleka mtaani kwa jina la "wa gesi" akabaki bila jina. Mwalimu wa Nachingwea anayefikisha miaka 60, umri wa kustaafu kwa lazima katika utumishi wa umma, naye hukutana na swali hilohilo asubuhi ya kwanza asiyokuwa na kipindi cha kufundisha: mimi sasa ni nani?

Makanisa ya kusini mwa Tanzania yana jibu lao: wewe kwanza ni mtoto wa Mungu, kazi inafuata. Tunaliamini jibu hilo. Ila linavyotolewa, mara nyingi humwacha mtu pabaya kuliko alipokuwa.

Nguvu ya jibu hilo haitokani na maneno ya faraja tu. Katika Marko 1:11, sauti inasema "Wewe ndiwe Mwanangu, mpendwa wangu" kabla Yesu hajaponya mtu hata mmoja wala kuhubiri popote. Kupendwa kunatangulia utumishi. Katika Luka 10:20, wanafunzi wanarudi na taarifa ya mafanikio, na Yesu anawaambia wafurahi kwa sababu majina yao yameandikwa mbinguni, si kwa sababu pepo wamewatii. Hapo anawaonya watu ambao kazi imewaendea vizuri, na onyo hilo hatulisikii mara nyingi madhabahuni. Aliyepandishwa cheo yumo katika hatari ileile ya aliyefukuzwa, tofauti ni kwamba yeye haimuumi bado.

Historia ya hapa hapa inalibeba jambo hili. Mwaka 1876 Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana, aliwaongoza watu waliokombolewa utumwani kutoka Zanzibar, na kundi hilo likaanzisha makazi Masasi. Walikuwa wamewahi kuwa na bei, na bei ya mtumwa hupimwa kwa kazi anayoweza kutoa. Ubatizo uliwapa jina ambalo halikuwa na bei. Wanaosimulia habari hii kanisani hupenda kuishia hapo, lakini watu wale walipewa pia mahali pa kujenga na ardhi ya kulima. Jina na jembe vilikwenda pamoja.

Hapo ndipo upande wa pili, unaosema mtu hatenganishwi na kazi yake, unapopata hoja yake, nayo ni nzito. Mwanzo 2:15 inamweka mtu bustanini ailime na kuitunza kabla ya anguko, kwa hiyo kazi si adhabu. Paulo alishona mahema (Matendo 18:3) na aliona fahari kutowalemea watu. Na kwetu, kijana aliyepitia jando hufundishwa kwamba mwanamume hulisha nyumba yake. Ukimwambia baba asiyeleta unga nyumbani kwamba thamani yake haihusiani na kazi, atakusikia kwa adabu, kisha atarudi kwenye nyumba ambayo bado haina unga.

Kuna mkulima wa korosho pia, wa Tandahimba au Newala. Yeye anapalilia, anapuliza salfa, anaokota, anapeleka mzigo AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, na kungoja mnada. Hana cheo cha kuvuliwa. Mikorosho yake huenda ilipandwa na babu, na shamba ndilo linalomwambia yeye ni wa ukoo gani. Mafundisho ya "wewe si kazi yako" yametungwa kwa ajili ya watu wa mshahara, na yakihubiriwa kwake bila kurekebishwa yanakuwa kama yanamtenga na wazee wake. Kwake hatari ni nyingine: bei ya mnada ikishuka, hujihesabu naye ameshuka.

Tunavyoona sisi, kosa la wengi ni kuchanganya kazi na cheo. Imani ya Kikristo inakishusha cheo na kuiheshimu kazi. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ambayo watawa wa abasia ya Ndanda, huku huku kusini, wanaishi chini yake, inalisema hili bila kupepesa katika sura ya 57: fundi afanye ufundi wake kwa unyenyekevu, na akianza kujivuna kwamba ustadi wake unaifaidi monasteri, aondolewe kwenye ufundi huo hadi anyenyekee. Sura ya 48 nayo inamtaka kila mtawa afanye kazi ya mikono. Hakuna anayeruhusiwa kukaa bure, wala anayeruhusiwa kuwa ufundi wake.

Sasa tuje kwenye madhara ya jibu hilo linapotolewa vibaya. La kwanza ni la sheria. Mtu anaachishwa kazi kwa uonevu, anakwenda kwa mchungaji, anaambiwa asubiri, Mungu atafungua mlango. Anasubiri. Lakini mgogoro wa kuachishwa kazi unatakiwa kufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Zikipita, itabidi kwanza aombe kuongezewa muda na aeleze sababu za kuchelewa, na "nilikuwa kwenye maombi" haitamfikisha mbali. Kwa hiyo wiki ya kwanza ni ya karatasi: barua ya kuachishwa, mkataba, hati za mshahara, taarifa ya michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF. Aliyefanya kazi mfululizo angalau miezi 12, kisha akaachishwa si kwa utovu wa nidhamu wala kwa mkataba kufika mwisho, kwa kawaida anastahili kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliotimiza, kisichozidi miaka 10. Kudai haki hiyo hakupingani na kuwa mtoto wa Mungu.

La pili ni andiko la 2 Wathesalonike 3:10 kugeuzwa fimbo. Linasema "ikiwa mtu hataki kufanya kazi, basi, kula chakula asile". Hataki. Halimsemi aliyekosa.

La tatu huja na nia njema, na ndilo linalotusumbua zaidi. Mstaafu anapokelewa usharikani, na kabla mwezi haujaisha amekuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Kitambulisho kimoja kimevuliwa, kingine kimevalishwa, na lile swali halikuguswa. Tungeshauri apewe walau miezi sita bila wadhifa. Ahudhurie jumuiya, afagie, abebe viti, na sala zifanyike nyumbani kwake hata siku isiyo na chai. Kupokea wageni ukiwa huna kitu ni kugumu, hasa kwa aliyezoea kuwa mtoaji.

Asiye na ajira anahitaji pia mpangilio wa siku sita. Kumbukumbu la Torati 5:15 inaitaja Sabato kuwa kumbukumbu ya kutoka utumwani, lakini pumziko halina ladha kwa mtu ambaye kila siku kwake ni tupu. Saa tatu za shamba au bustani kila asubuhi, kwa muda uleule, humrudishia Jumapili maana yake.

Wala jina halitoki kanisani pekee. Wakazi wengi wa Mtwara na Lindi ni Waislamu, na mtu hujulikana pia kwa namna anavyofika msibani na kushika koleo pamoja na majirani zake. Mkristo anayejitafuta ndani ya usharika tu atajipata nusu.

Jambo dogo la kuanzia lipo kwenye matangazo ya Jumapili. Wageni husimamishwa wakasema jina, usharika walikotoka na "mimi ni afisa fulani", na afisa hupigiwa makofi marefu zaidi ya mbangua korosho. Anayeongoza matangazo anaweza kuomba vitu viwili tu: jina, na usharika ulikotoka.