Hayo maandishi kwenye dirisha sijayachapisha mimi

Haya, kwa kuwa klipu ya gari langu lenye maandishi ya pinki kwenye dirisha la nyuma mmeshaiona wote, na huyo bwana aliyeitupa kwenye grupu ameandika eti nimelipia nichapiwe, wacha niseme mwenyewe kabla haijafika kazini. Sijalipia kitu. Yamejichapa.

Gari mnalijua, Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, ile ya taa za kuchomoza na paa la turubai la kukunja. Dirisha la nyuma sio kioo, ni plastiki, vinili ile laini inayokunjika (kioo cha kweli kilikuja na kizazi cha pili, na mimi mfuko wangu uliishia kizazi cha kwanza). Na mnanijua nilivyo na hilo dirisha. Namwagia maji kwanza vumbi litoke, maana vumbi likisuguliwa kavu ndio mikwaruzo yenyewe hiyo, halafu kitambaa laini, juu kwenda chini, hakuna kuzungusha mkono. Anayeligusa na tishu tunakosana. Zile dawa za kupuliza vioo zenye amonia hazisogei karibu. Asubuhi ya baridi paa silishushi kabisa, vinili ikipoa inakakamaa, ukiikunja inapasuka palepale kwenye mkunjo. Na siku ya kushusha nafungua zipu, nalilaza dirisha taratibu, taulo chini, taulo juu. Mke wangu anasema yeye hajawahi kutandikiwa hivyo.

Sasa Jumapili tunaenda kwa wakwe. Taulo la chini nakuta limelowa, na kitambaa kibichi hakiwekwi, unyevu ukikaa humo unaleta ukungu. Kwenye buti kuna tisheti kuukuu ya dada yangu, pamba tupu, imefuliwa mpaka imelainika kuliko hata taulo. Nikaitandaza, maandishi juu, nikalaza dirisha, nikashusha paa, twende. Maandishi niliyaona, mnaoniuliza kama mimi ni kipofu. Ila nani anasoma tisheti iliyolaliwa na dirisha?

Ile tisheti dada aliitengeneza alipoachana na yule shemeji wa kwanza. Herufi kubwa za pinki: NIMEACHIKA NA NIMENENEPA.

Gari likakaa juani mchana kutwa. Kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniambia ni kwamba yale maandishi ya mpira kwenye tisheti mara nyingi ni PVC iliyolainishwa, yaani vinili ileile, na dirisha nalo ni PVC iliyolainishwa. Weka joto, weka uzito wa paa juu yake, hao ni ndugu waliopotezana wamekutana.

Jioni mawingu. Baba mkwe akatoka kutusindikiza, mikono nyuma, miwani puani, nikasema leo ngoja nimwonyeshe mkwewe ni mtu wa utaratibu. Nikapandisha paa. Nikainua dirisha. Tisheti nayo ikainuka. Nikalitikisa kidogo, haidondoki, imening'inia pale kama... basi tu. Nikashika pindo nikavuta polepole, ikatoa mlio, krrrrrr, ule mlio wa plasta inayotoka na nywele, na kila nikivuta naona tisheti inabaki nyeupe na dirisha linazidi kuwa la pinki. Hapo ningeacha. Lakini mtu ukishafika katikati unaacha vipi, nikavuta mpaka mwisho, nikafunga zipu kwa sababu mikono ilishazoea, na baba mkwe akazunguka akasimama nyuma ya gari. Akainamisha kichwa miwani iingie sawa. Na yule mzee hasomi kimoyomoyo.

"Ni-me-a-chi-ka."

Kimya. Kuku ndio walikuwa wanaongea.

Kabla hajafika kwenye kunenepa, mama mkwe akaitikia kutoka ndani, "Nani kaachika? Mwanangu kaachwa?" na akatoka na mwiko mkononi, na shemeji zangu nyuma yake, na mke wangu, badala ya kunitetea, amekaa chini kabisa anacheka bila sauti. Mimi nimeshika tisheti ya kike nasema "hapana mama, ni vinili, mama, ni joto". Jamani, ni joto! Ndio utetezi nilionao. Mzee akamalizia mstari, akanitazama tumbo, akasema, "La pili naona ni kweli."

Na huyo bwana, niliyemleta mwenyewe ashike upande wa pili wa paa, alikuwa ameshika simu.

Mengine haraka haraka. Shemeji mdogo akaja mbio na dawa ya kutolea rangi ya kucha, anataka kusaidia, nikapiga kelele lakini pamba ilishagusa, na asetoni kwenye vinili haina msamaha, neno NIMEACHIKA likayeyuka na dirisha likageuka maziwa palepale. Nyumbani nikatulia na polishi ya plastiki na kitambaa laini, ikang'oa lile "NA" na pinki kiasi, kivuli cha neno la mwisho kikagoma. Na kwa kuwa limeganda upande wa ndani, nikigeuza shingo naliona kinyumenyume, nikitazama kwenye kioo cha kuangalizia nyuma linasomeka vizuri kabisa, na wa nyuma yangu nao wanalisoma vizuri kabisa, yaani hakuna anayekosa.

Dirisha jipya la kushonea nimeagiza. Mpaka lifike natembea na NIMENENEPA, na jana kwenye foleni mama mmoja alinipita, akapunguza mwendo, akashusha kioo akaniambia hongera.

Nilimwambia asante, ningesema nini.