Kabla ya kumpa moyo, mpokee mtoto

Jumamosi ya kwanza walikuja wanafunzi wa chuo kumi na wanne, kuwasaidia wasichana waliozaa wakaacha shule. Fulana mpya za rangi moja, bango, na kijana mmoja aliyekuja kupiga picha tu. Nilikuwa nimewaachia baraza yangu hapa Mishomoroni, Mombasa, ninaposhonea nguo, kwa kuwa mwenye wazo ni mtoto wa jirani anayesoma chuo kule Tudor. Wasichana tisa walikaa mkekani na watoto mapajani, wakaambiwa wao ni viongozi wa kesho, wasikate tamaa. Makofi, soda, picha. Adhuhuri fulana zote zikapanda matatu zikavuka daraja la Nyali kurudi kisiwani.

Msichana mmoja wa miaka 16 alibaki kunisaidia kukunja mikeka. Nikamuuliza ameonaje.

"Wamesema vizuri, mama. Lakini mtoto alikuwa akilia, sikusikia mengi."

Jumamosi iliyofuata walikuja watano. Ya tatu, watatu, na hao watatu ndio walionifanya niandike. Mmoja wao, binti anayesomea uhandisi, sijamsikia akihutubia hata siku moja. Alinyoosha mikono tu akasema, "Nipe nimshike, wewe fungua daftari." Akajifunga leso, akambeba mtoto wa yule msichana wa miaka 16 saa mbili nzima akizunguka naye uani, huku mama yake akihangaika na hesabu za mabano alizoziacha kidato cha pili. Mtoto alimtapikia begani. Binti akajifuta, akaendelea kuzunguka.

Mimi naona msaada ni huo. Maneno ya kutia moyo hawa wasichana wameyasikia kliniki, msikitini, kanisani, kwa chifu. Saa mbili za mikono mitupu hawajapewa na mtu.

Kwenye karatasi mlango uko wazi. Tangu 1994 sera ya serikali inamruhusu msichana aliyejifungua kurudi shuleni, na mwongozo wa 2020 ukarudia hilo kwa kirefu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini Kenya wamewahi kushika mimba, kwa hivyo hatuzungumzii watoto wawili watatu wa mtaani kwetu. Lakini sera haisemi nani atakaa na mtoto. Bibi yake huyo mtoto ameamka saa kumi usiku kukaanga mahamri, na baada ya hapo anakwenda soko la Kongowea kuchukua mboga za kuuza. Anayelea watoto kwa malipo ya siku anataka pesa mkononi asubuhi. Na wauguzi wanasema miezi sita ya mwanzo maziwa ya mama pekee, sawa, lakini mwambieni hayo msichana aliyekaa darasani tangu alfajiri, blauzi imelowa kifuani, na wavulana nyuma yake wanacheka.

Kuna majirani wanaoninong'ona kwamba nawalea wakosaji, kwamba wengine wataiga. Nani ataiga? Aliyemwona msichana akiteka maji na mshono haujapona, arubaini haijafika, hana cha kuonea wivu.

Jambo moja huwa zito kwa wanafunzi hawa wa chuo. Msichana akikuzoea atakutajia aliyempa mimba. Mara nyingi ni mtu mzima tunayemjua sote, na wazee walishakaa maslaha, yaani kusuluhisha nje ya mahakama, wakapokea chochote, wakanyamaza. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 iko wazi kwamba mtoto wa chini ya miaka 18 hawezi kukubali. Binti wetu wa uhandisi alitaka kuliweka jina hilo mtandaoni usiku uleule. Nikamzuia. Angemuumbua msichana kabla ya kumgusa yule mwanamume. Ipo namba 116 ya kuripoti mambo ya watoto, haina malipo, na tuliipiga tukiwa na msichana mwenyewe, kwa kauli yake.

Wavulana wa chuo je, waje? Waje. Mwanzoni akina mama walimtazama kwa jicho la pembeni yule anayefundisha hesabu, na nawaelewa. Siku aliyobadilisha nepi pale barazani mtaa mzima ulikuja kushuhudia, hata muuza viazi karai aliacha karai lake motoni.

Lawama yangu kwao ni moja. Mitihani ya chuo ikikaribia wanapotea bila kuaga. Wasichana hawa walishaahidiwa na mtu, wakaachwa. Wakikaa mkekani wakitazama njia hadi saa tano na hakuna anayekuja, wanarudi nyumbani wamenyamaza kwa namna ninayoijua. Afadhali mtu aseme tangu mwanzo: nitakuja Jumamosi mbili kwa mwezi, na Disemba simo.

Safari hii angalau walisema. Jumamosi iliyopita hakuja mwanafunzi hata mmoja, ila yule wa miaka 16 alifika saa tatu na daftari lake. Akaangalia baraza tupu, akaniangalia mimi kwenye cherehani. "Mama, nishikie kidogo."

Sketi ya shule ya mteja wangu bado haina pindo. Anaijia Jumatatu.