Mizani Ikiandika Hitilafu, Usikimbilie Kuiseti Upya

Mizani ya kiwandani ikigoma asubuhi, skrini ikaandika herufi mbili tatu badala ya kilo, kuna jambo moja linalofanywa mara nyingi mno na linaniudhi. Mtu anaingia kwenye menyu, anafanya kalibresheni upya, yaani anaifundisha mizani tena sifuri na uzito, ujumbe unatoweka, kazi inaendelea. Huko ni kufunika kombe mwanaharamu apite.

Chukua ujumbe wa kukosa sifuri wakati wa kuwasha. Mizani ikiwashwa hulinganisha mzigo inaouhisi na sifuri iliyokaririshwa siku ilipokalibretiwa, na tofauti ikizidi ukomo wake inakataa kuendelea. Kwa mizani za biashara, mwongozo R 76 wa OIML, shirika la kimataifa la vipimo vya kisheria, kwa kawaida unataka ukomo huo usizidi asilimia 20 ya uwezo wa mizani. Kwa mizani ya kilo 1,500 iliyosetiwa hapo, hizo ni kilo 300. Sasa mtu anawezaje kubonyeza vitufe bila kujiuliza kilo 300 zimetoka wapi juu ya jukwaa tupu?

Niliwahi kuitwa kwenye mizani ya jukwaa iliyokuwa ikipoteza sifuri kila sakafu ikioshwa. Ilikuwa imeshasetiwa upya mara tatu. Nilipofungua kisanduku kinachokusanya waya za lodiseli nne, yaani vihisi vya uzito vilivyo chini ya jukwaa, mpira wa mlango mmoja wa waya ulikuwa umepasuka, na kwenye skrubu kulikuwa na matone ya maji na kutu ya kijani. Nilikausha, nikabadilisha mpira, sifuri ikatulia. Lakini mawe ya kilo 200 yakasoma 203, kwa sababu mizani ilikuwa imefundishwa kupima ikiwa mgonjwa. Niliumia kufikiria mizigo yote iliyokwisha kupita pale.

Tone la maji linaweza hivyo kwa sababu umeme wenyewe ni mdogo sana. Lodiseli nyingi hutoa milivolti 2 kwa kila volti moja inayolishwa, kwa hiyo ukiilisha volti 10, mzigo wote mzima ni milivolti 20 tu. Zigawanye kwenye hatua 3,000 ambazo skrini inaweza kuonyesha, kila moja inabaki na chini ya mikrovolti 7. Unyevu kidogo kati ya skrubu mbili unatosha kuzivuruga.

Mimi huanza kwa kupiga magoti na tochi. Kokoto iliyobana kati ya jukwaa na fremu, jukwaa lililosogea likagusa ukuta, boliti ya usafirishaji ambayo haikutolewa: mara nyingi kazi huishia hapo. Kisha naweka jiwe lilelile kwenye kona zote nne, moja baada ya nyingine, na kona inayosoma tofauti inanionyesha pa kuchimba. Multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, inafuata, umeme ukiwa umezimwa na lodiseli moja moja ikiwa imechomolewa. Kwa aina iliyozoeleka, waya mbili za ishara husoma karibu na ohm 350, zile za kulishia umeme huzidi kidogo. Kati ya waya na chuma cha lodiseli pasiwe na njia ya umeme kabisa. Mizani ikilalamika imezidiwa mzigo ilhali jukwaa ni tupu, natafuta waya uliokatika, au nauliza kama kuna aliyechomelea kitu karibu, maana mkondo wa kuchomelea ukipita ndani ya lodiseli huiua.

Na kama ni mizani ya biashara yenye lakiri, kuivunja ili useti upya kunamaanisha wakaguzi wa vipimo waihakiki tena kabla ya kupima chochote cha kuuza.

Ombi langu kwa wenye mizani: siku ikiwa nzima, andikeni tarehe, milivolti za jukwaa tupu na ohm za kila lodiseli, mbandike karatasi hiyo ndani ya mfuniko wa kisanduku. Fundi atakayeitwa miaka 2 baadaye atakuwa na cha kulinganishia kabla hajagusa menyu.