Hongera, Kompyuta Yako Iko Tayari

Sijui ni nani aliyeandika lile tangazo linalojitokeza baada ya mfumo wa kompyuta kuboreshwa, ila nina hakika kwamba hajawahi kumiliki printa. Liliniarifu kwa herufi kubwa kwamba kila kitu kiko tayari, na herufi zenyewe zilikuwa kubwa kwa sababu draiva ya kadi ya michoro, yaani programu inayouwezesha mfumo kuelewana na kifaa hicho, ilikuwa imepotea njiani, na mfumo ukawa unachora skrini kwa draiva ya dharura, ambayo inajua kiasi cha kutosha tu mtu asikae gizani. Spika zilikuwa kimya na printa ilikuwa imegoma. Alama ya waifai haikuwepo kabisa.

Nilipobofya kitufe cha msaada nilishauriwa, kwa adabu zote, niunganishe kompyuta na intaneti ili mfumo unitafutie draiva ya waifai. Mtu mzima mwenye akili timamu aliutunga ushauri huo, akalipwa mshahara, akaenda likizo. Niliokolewa na simu, ambayo niliichomeka kwa waya wa kuchajia na kuifanya modemu, kwa kuwa hiyo ilikuwa bado haijaboreshwa na mtu.

Ndipo nikafungua orodha ya vifaa. Kando ya kipembetatu cha njano chenye alama ya mshangao paliandikwa "Kifaa kisichojulikana". Hakijulikani na nani, ilhali jana kilikuwa kinapiga muziki? Ukitaka kukitambua, sharti uingie katika sifa zake, unakili msimbo wenye VEN na DEV, kila kimoja kikifuatwa na tarakimu au herufi nne, cha kwanza kikimtaja mtengenezaji na cha pili kifaa chenyewe. Ukikuta 8086, ujue ni Intel, waliojichukulia namba ya prosesa yao ya mwaka 1978. Haya sikuyasomea popote. Nimeyajua kwa kuonewa.

Kinachonimaliza zaidi ni tarehe. Draiva za chipseti za Intel, yaani chipu zinazounganisha prosesa na vifaa vingine, hata za mashine mpya, zimekuwa zikiandikwa 18 Julai 1968, siku kampuni hiyo ilipoanzishwa, na nyingi ya zile zinazokuja ndani ya Windows huandikwa 21 Juni 2006. Hufanywa hivyo makusudi, ili zionekane kuukuu na kuipisha draiva mahususi ya mtengenezaji wa kifaa, iwapo ipo. Mantiki naiona, lakini mtu aliyekesha akisasisha draiva, kisha akaoneshwa kwamba anayo ya mwaka 1968, ana haki ya kunywa maji kwanza.

Kuhusu printa, nilipigwa danadana. Waliotengeneza mfumo walisema draiva ni jukumu la mtengenezaji wa printa, naye mtengenezaji akasema printa hiyo haihudumiwi tena na akanionesha picha ya mpya. Printa yenyewe haina ubovu wowote: wino imo, karatasi inavuta, taa inawaka kijani. Wala si balaa la leo, kwani hata Windows Vista ilipotoka mwaka 2007 vifaa vingi vizima viligeuka mapambo ya mezani kwa kukosa draiva. Ukienda kutafuta mwenyewe, unaangukia tovuti yenye vitufe vingi vya "Pakua", vyote vikiwa matangazo isipokuwa kile kidogo cha kijivu kilichofichwa chini kabisa.

Jamaa zangu wanaotumia mfumo wa Linux badala ya Windows hunicheka, kwa kuwa kwao draiva nyingi zimo ndani ya kernel yenyewe, yaani kiini cha mfumo. Nikiwauliza habari za zile kadi za michoro ambazo moduli yake ya draiva lazima ijengwe upya kila kernel inapobadilika, hukumbuka ghafla kwamba wana shughuli.

Sauti, angalau, niliirudisha. Draiva mpya ilikuwa inakwaruza, hivyo nikabonyeza kitufe cha kurejesha ile ya zamani, nikawasha kompyuta upya, na spika zikaimba vizuri hadi nilipokwenda kulala. Usiku huo mfumo, bila kuniamsha, uligundua kwamba ninatumia draiva iliyopitwa na wakati, ukanihurumia, ukaipakua ile inayokwaruza na kuisakinisha wenyewe.