Bosi akifoka, usimjibu kwenye grupu

Bosi wangu ni mtu wa kufoka. Hafoki kwa chuki. Anafoka kama wengine wanavyopiga miayo. Mimi ni mtu wa stoo kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi, Kariakoo, mwaka wa tisa sasa. Mwaka wa kwanza nilikuwa nikitetemeka. Wa pili nikaanza kumjibu, na hapo ndipo nilipopata somo.

Jumamosi, saa nne usiku, nimeshajifunga msuli, sauti yake ikaingia kwenye grupu la WhatsApp la kazini. Mabati 30 hayaonekani, "na mtu wa stoo kazi yake kulala tu." Wamesikia wote, hadi vijana wa kupakia ambao Jumatatu ndio wa kuwapanga mimi. Nikaandika aya nne, kila moja moto. Nikatuma, kisha nikahesabu mpaka kumi kama tunavyoshauriwa (kumbe kuhesabu kunatangulia), nikafuta. Grupu zima likabaki linatazama maneno matatu: "Ujumbe huu umefutwa."

Jumatatu nilimpa shikamoo, hakuitikia. Akauliza, "Ulifuta nini?"

Mabati yalikuwepo. Yalishushwa tawi la Mbagala, na hati ya kupokelea mzigo ilikuwa kwenye droo yangu, ina sahihi ya dereva wake mwenyewe. Haki yote ilikuwa upande wangu, lakini nilisimama mbele ya meza yake kama mkosaji, maana habari haikuwa tena ya mabati. Ilikuwa ya adabu yangu.

Wazee husema mkubwa ni jalala, yaani mkubwa ndiye wa kubeba takataka za wote. Kazini tumeigeuza, jalala amekuwa mdogo. Na unaposhauriwa "tulia", mara nyingi maana yake ni "meza". Mimi sikubaliani na hilo. Wala sisemi uwe chawa, wa kucheka bosi anapocheka na kupeleka majungu ya wenzako. Hao tunao, na siku duka likiyumba hutangulia kuondoka. Nasema utulie ili hoja yako ifike ikiwa nzima.

Hata sheria inaelekea huko. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007, zilizo chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, zinataja ukaidi mkubwa miongoni mwa makosa yanayoweza kumfukuzisha mtu kazi. Ukiachishwa kwa uonevu, una siku 30 za kufikisha lalamiko CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na pale utaulizwa karatasi. Aya nne za saa nne usiku ni karatasi pia, ila ni ya bosi.

Sizungumzii matusi ya nguoni, kushikwashikwa au mshahara usiolipwa. Hayo usikae nayo.

Siku ile niliondoka bila kusema kitu, nikamsoma. Asubuhi huwa anagombana na benki na mawakala wa bandarini; ukimgusa umejitakia. Baada ya swala ya alasiri hukaa na kikombe cha kahawa chungu, simu kaifunika mezani. Nikaingia wakati huo na hati mkononi.

"Bosi, samahani, dakika tano tu. Lile la mabati, hati yake hii. Nikikosea nifokee, ila nifokee humu ndani."

Aliigeuza mbele na nyuma. Akampigia dereva, akamfokea yeye. Mimi hakuniomba radhi, ila aliniuliza kama nimekula.

Wiki iliyopita imekuja sauti nyingine, saa tatu usiku, safari hii ni saruji. Nikaandika, "Nimepokea bosi, kesho alasiri nakuletea hati," nikaiacha simu kwenye chaji jikoni.