Nina saa sita za treni na bado nachelewa kazini

Jamani leo niseme tu maana kifua kimejaa. Mi nina saa sita za mfukoni, zile za mnyororo walizokuwa wanabeba madereva wa treni huku Marekani enzi za mababu, na jana nimechelewa kazini dakika 17. Supavaiza ananiangalia mimi, mimi naangalia saa, saa nayo inaniangalia. Ina vito 21 ndani yake, vile vijiwe vigumu vinavyoshikilia magurudumu ya mashine yasisagike. Mke wangu siku ya harusi hakuvaa vito vya kufika hapo na hajawahi kunisamehe.

Ilianza na mvua. Niliingia kwenye soko moja la vitu chakavu hapa Columbus, Ohio, kukwepa kulowa, nikasema ngoja nitafute sufuria ya ugali, nikatoka na saa ya Hamilton 992. Sufuria mpaka leo hatuna. Mzee aliyekuwa anaiuza alifungua mfuniko wa nyuma akanionyesha mashine, aisee, ile gurudumu inavyochezacheza kama inapumua, vijiwe vyekundu, chuma kimenakshiwa vizuri kweli halafu kikafunikwa, yaani kazi yote ile wamemfichia dereva ambaye alikuwa anatazama mbele tu. Magoti yakalegea. Nyumbani nikasema nimenunua dola 40. Haikuwa dola 40.

Sasa wale mnaouliza saa ya treni ina nini cha ajabu. Mwezi wa Aprili 1891, pale Kipton, kijiji cha huku huku Ohio, treni ya barua iliyokuwa inakimbia mbio ilikutana uso kwa uso na treni ya abiria, watu wakafa. Inasimuliwa kwamba saa ya dereva mmoja ilisimama kama dakika 4 hivi, halafu ikaendelea kutembea kama haijafanya kitu, naye akaamini bado ana nafasi ya kufika kituoni ampishe mwenzake. Dakika 4! Mimi nazitumia kutafuta soksi ya pili. Basi kampuni ya reli ikamwita sonara wa Cleveland anaitwa Webb Ball, ikamwambia hebu tusimamie haya masaa, na yule bwana hakuwa na mchezo. Zikaja sheria: saa iwe wazi usoni bila mfuniko wa mbele, tarakimu ziwe nyeusi za kusomeka, vito visipungue 17, kwa wiki nzima isipotee wala kuzidi sekunde 30, ikae sawa kwenye baridi na kwenye joto, na isome vilevile kwenye mikao mitano, iwe imelala, imesimama, imelalia ubavu. Mikao mitano! Mimi nikilalia ubavu wa kushoto tu alamu siisikii.

Na dereva hakuwa anaachiwa tu ajitawale. Kila wiki mbili alipeleka saa kwa mkaguzi, inalinganishwa, inaandikwa kwenye kadi. Hapa kwangu mkaguzi ni mama Asha. Yeye hana kadi, ila anakumbuka.

Kero ya kwanza ni kurekebisha muda. Saa zako za kawaida unavuta kile kitufe cha juu, unazungusha, umemaliza. Za treni hapana, maana waliogopa dereva akiwa anaijaza ufunguo akivute kwa bahati mbaya mishale isogee bila yeye kujua, tukaishia Kipton tena. Kwa hiyo unafungua kioo cha mbele kwa kukizungusha kama kifuniko cha chupa ya asali, tena kilichokauka na asali yake, halafu pembeni kuna kijichuma chembamba kama mwiba wa sato, unakivuta kwa ukucha, unazungusha mishale, unakirudisha, unafunga kioo. Mara sita. Na huku Wamarekani wana tabia ya kusogeza saa karibu nchi nzima mara mbili kwa mwaka, mwezi wa tatu wanapeleka mbele, wa kumi na moja wanarudisha nyuma. Watu wote usiku ule wanalala, simu zinajirekebisha zenyewe, mi nimekaa jikoni na taa ya kichwani kama mchimbaji wa Mererani navua vioo. Kucha ya kidole gumba haijawahi kupona.

Halafu mfuko. Suruali ya jinsi ina kale kamfuko kadogo ndani ya mfuko wa kulia, si mnakajua, kale ambako siku hizi kanakaa sarafu na makaratasi ya pipi. Kale kaliwekwa kwa ajili ya saa, kabisa, ndio kazi yake. Nikafurahi, nikasema basi nguo yenyewe ilinisubiri. Nikasukuma Hamilton yangu. Haiingii! Wamekabana hako kamfuko mpaka kamebaki jina. Nikalazimisha, ikaingia nusu, nikainama kuokota boksi kazini, ikaruka. Niliidaka kwa tumbo. Sijui kwa nini kwa tumbo, ila niliidaka.

Ya tatu niliyonunua sitaki kuizungumzia ila nitaizungumzia. Muuzaji wa mtandaoni aliweka picha nane, zote za usoni. Uso safi, tarakimu kubwa, kuna na picha ya treni imechorwa mgongoni inatoa moshi. Mtu mwenye akili angeuliza picha ya ndani. Mi niliuliza inafika lini. Ilipofika nikafungua, vito 7. Saba! Yaani bodi ya Prado injini ya bajaji. Treni mgongoni ni pambo tu, saa yenyewe haijawahi kuruhusiwa hata kusogea jirani na reli, maana saa halisi za treni mara nyingi mgongo ulikuwa mtupu tu, hauna mbwembwe. Nilimwandikia muuzaji, akanijibu kwamba yeye hakusema ni ya treni, alisema ina treni. Nimesoma tangazo upya mara tatu. Kweli alisema ina treni.

Fundi ndio usiseme. Mafundi wa hizi saa wamebaki wachache na wanajijua wako wachache. Wangu yuko mwendo wa lisaa limoja kwa gari, ni mzee, ukimpigia anapokea kama umemwamsha. Springi ya saa yangu nyingine, Waltham, ilikatika nikampelekea, akaishika, akaweka lenzi jichoni, akanyamaza kwa muda wa kuchemsha maharage, akaniuliza nani aliifungua kabla yake. Nikasema sijui. Akasema ameifungua kwa kisu. Nikasema dunia ina watu wabaya. Miezi minne imekaa kwake, na bei aliyonitajia ningenunua nyingine nzima na ile sufuria juu.

Nikasema basi nipate faraja kwa baba mkwe, maana yeye ni mstaafu wa reli kule Tabora, alikuwa pointimani, yule wa kugeuza njia za reli, huyu ndiye atanielewa. Nikampigia kwa video, shikamoo baba, marahaba, nikamwonyesha saa moja moja kwenye kamera. Akazitazama kwa heshima zote. Akauliza, "Hizi zote wewe ndio unazivaa?" Nikasema baba hizi hazivaliwi, zinakusanywa. Akanyamaza. Akasema yeye miaka yake yote treni ikikaribia inapiga honi, sasa pointimani anataka vito 21 vya nini. Halafu mama mkwe akadaka simu akauliza sasa hivi huko ni saa ngapi, nikasoma kwenye Hamilton kwa mbwembwe nikamwambia saa saba kamili mchana. Akasema mshale mbona uko kwenye moja. Nikamweleza, mama, si unasoma ya upande wa pili kama siku zote. Akasema basi ungeigeuza tu kichwa chini ingesoma yenyewe. Nikacheka. Usiku nikajaribu. Mshale wa saa unakubali kweli ila wa dakika unakuharibia, kamili inakuwa nusu. Nilikaa na hilo jambo kama robo saa hivi, mama Asha akapita, akaniona nimeshika saa kichwa chini naisemesha, akaenda kulala bila kuniaga.

Kipton yenyewe tulienda. Jumapili moja nikawapakia wote, sambusa na chupa ya chai, karibu masaa mawili barabarani, nimewaambia tunaenda kuona historia. Tumefika, hakuna reli. Wameing'oa, njia ya treni imekuwa njia ya baiskeli, watu wanapita na kofia za plastiki wanasalimia. Asha anauliza, baba treni iko wapi? Nikamwambia iligongana. Akauliza lini? Nikasema 1891. Mama yake alifungua mlango wa gari akaketi ndani na sambusa zote.

Sasa ya juzi ndio imenimaliza. Ilitokea saa ya treni aina ya Illinois Bunn Special kwenye mnada wa mtandaoni, vito 21, uso hauna hata ufa, picha ya ndani ipo, nimejifunza. Mnada unafungwa saa nne kamili usiku. Ujanja wa mnada wa mtandaoni wote tunaujua, unakaa kimya kama huna haja, halafu sekunde tano za mwisho unapiga dau lako mtu asipate nafasi ya kujibu. Nikasema leo ndio siku ya kazi ya hii Hamilton. Nikaiweka mezani mbele ya kompyuta, nimeijaza ufunguo asubuhi, wiki nzima sijaigusa mishale, kidole kwenye kitufe, nahesabu na mshale wa sekunde, 15, 12, 10, jasho linanitoka, 8, nikasema bado, 7, skrini ikabadilika. Mnada umefungwa. Imeuzwa kwa mtu mwingine, dola mbili tu juu ya dau la mwisho nililoliona.

Saa yangu ilikuwa nyuma sekunde 7. Ndani ya sheria za Webb Ball kabisa! Zinaruhusiwa 30! Nikapiga kelele hivyo hivyo, zinaruhusiwa 30, na kutoka chumbani, gizani, sauti ikasema, "Baba Asha, simu yako si iko hapo mkononi?"

Ilikuwa mkononi kweli.